Kwa nini Kapenguria ilihitaji mawakili

Mawakili wa Afrika Mashariki huulizwa swali moja kila mara, barazani na hata harusini: unamteteaje mtu ambaye kila mmoja anajua ametenda kosa? Swali hilo lilipata mtihani wake mkali Kapenguria, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa mwaka 1952. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Kwa walowezi, kesi ilikuwa imekwisha kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa. Serikali iliipeleka mbali na Nairobi, ikaisikilizia katika jengo la shule mahali pasipo na simu, na mawakili wakawa wanalala Kitale na kusafiri kwenda na kurudi. Utetezi uliongozwa na D.N. Pritt kutoka Uingereza, akiwa na Achhroo Kapila na Fitz de Souza wa Kenya, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika.

Aliyeuliza swali lile anadhani wakili yupo ili kusema mteja wake ni mwema. Sivyo. Wakili hashuhudii wala hahukumu. Kazi yake ni kuhakikisha anayeshtaki anathibitisha, maana mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka na mshtakiwa hana wajibu wa kuonyesha kuwa hana hatia. Hiyo haimpi wakili ruhusa ya kuidanganya mahakama. Mteja akimwungamia kosa, wakili hulazimika kuitunza siri hiyo, lakini hawezi kumpandisha kizimbani aape kinyume cha alichoungama. Anachobaki nacho ni kuupima ushahidi wa upande wa pili, na huko Kapenguria ushahidi huo ulihitaji kupimwa sana. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau mwaka 1950. Utetezi ulileta mashahidi kumpinga. Hakimu Ransley Thacker akamwamini Macharia. Tarehe 8 Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu.

Basi mawakili walifaa nini, kama walishindwa? Pingamizi hili ni zito, na sidhani linajibiwa kwa kusema tu kwamba historia iliwapa haki. Walichofanya ni kulazimisha kila neno la shahidi lisemwe hadharani, liandikwe, na lijibiwe. Macharia alipoapa kwa hati mwaka 1958 kwamba alidanganya na kwamba serikali ilimwahidi masomo Uingereza, palikuwa na kumbukumbu ya kulinganisha naye. (Macharia alifungwa gerezani kwa sababu ya hati hiyo ya 1958, iliyoamuliwa kuwa ya uongo; kwa ushahidi wake wa Kapenguria hakuguswa.) Ilikuja pia kujulikana kwamba Thacker alilipwa pauni 20,000 na serikali.

Wengine husema Pritt alikuwa mwanasiasa wa mrengo wa kushoto, kwa hiyo alitetea upande wake na si wajibu wake. Siasa yake haikufichika. Lakini desturi ya mawakili wa Uingereza ya kutomkataa mteja kwa sababu anachukiwa ilikuwapo kabla yake: mwaka 1792 Thomas Erskine alimtetea Thomas Paine, akapoteza cheo chake cha mwanasheria wa Mwanamfalme wa Wales. Tena, kama watetezi wangekuwa tu wale wasiojali kesi inahusu nini, wafungwa wa kisiasa wangebaki peke yao. Pritt huyohuyo alimtetea Julius Nyerere mwaka 1958 katika kesi ya kashfa iliyotokana na gazeti la TANU. Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000.

Leo ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuchagua wakili na kuelezwa haki hiyo mapema, na kupewa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa. Ukikamatwa, idai haki hiyo kabla hujatia saini maelezo yoyote.