Kabla Hujamlaumu Mama, Soma Hii Historia

Wiki jana kwenye matatu, makanga aliongeza muziki, na mtoto wa kama miaka sita akaanza kupiga mayowe. Amejiziba masikio, anajigonga kwa kiti. Mama yake amemkumbatia tu, macho chini. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Watoto wa siku hizi hawachapwi." Mwingine akadakia, "Ni mamake amemdekeza." Yule mama akashuka. Haikuwa steji yake, maana nilimwona amesimama kando ya barabara akingoja matatu nyingine.

Manze, hiyo lawama ina historia. Na walioiandika walikuwa wasomi.

Mwaka wa 1943, daktari Leo Kanner wa Johns Hopkins, Marekani, alichapisha ripoti kuhusu watoto 11. Ndiyo iliyofanya usonji ujulikane kama hali ya kipekee. Alisema watoto hao walizaliwa hivyo. Lakini aliandika pia kwamba wachache sana kati ya wazazi wao walikuwa wachangamfu kwa watoto. Watu wakashika hilo la pili. Ikazuka nadharia ya "mama friji": eti mtoto amejifungia kwa sababu mamake ni baridi.

Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto huko Chicago, aliisambaza zaidi kwa kitabu chake cha 1967, *The Empty Fortress*. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa katika kambi za Wanazi, na akalinganisha watoto hawa na wafungwa wa kule. Sasa fikiria wewe ni mama unasoma hayo. Kama mtoto wako ni mfungwa, wewe ni nani? Na tiba yake ilikuwa mtoto akae mbali na wazazi.

Nani alibomoa huo uongo? Wazazi wenyewe.

Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani, alipata mtoto mwenye usonji mwaka wa 1956. Alimjua mkewe, na hakukubali kwamba yeye ndiye chanzo. Akachimba utafiti, na mwaka wa 1964 akatoa kitabu kinachosema usonji unatokana na mwili, si malezi. Kanner mwenyewe aliandika dibaji. Mwaka uliofuata, Rimland na wazazi wenzake wakaunda chama cha kitaifa. Uingereza wazazi walikuwa wameshaunda chao mwaka wa 1962. Mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari wa akili aliyekuwa na binti mwenye usonji. Mwaka wa 1969, Kanner alisimama mbele ya wazazi wa Marekani akawaondolea lawama hadharani. Mwaka wa 1977, utafiti wa mapacha ukaonyesha kwamba urithi wa kijenetiki una nafasi kubwa.

Huku kwetu hatukusema friji. Tulisema laana, urogi, "alikula nini akiwa na mimba?" Maneno tofauti, mshtakiwa yule yule. Na huku pia wazazi ndio waliojitokeza: Autism Society of Kenya ilianzishwa na wazazi mwaka wa 2003.

Tukiongea kuhusu maisha ya wazazi hawa, tunataja pesa za tiba, karo na usingizi uliopotea. Ni kweli, hayo yote yanabana. Lakini mama akishalaumiwa, hata msaada mdogo unakatika. Baba anatoroka. Nyanya hataki kubaki na mtoto hata saa moja. Mwaliko wa harusi haufiki. Mzigo wa watu kumi unabaki kwa mtu mmoja, halafu tunashangaa mbona amechoka.

Wasee, hakuna anayetaka uwe daktari. Siku ile mimi pia nilinyamaza. Na kumwambia makanga apunguze muziki kungenigharimu nini?