Kongosho: Kazi Yake Mwilini, na Suala la Sindano ya Sukari kwa Aliyefunga

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni zake Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake.

Kila ikikaribia Ramadhani suala hili hurudi: mgonjwa wa kisukari akijipiga sindano mchana, je, saumu yake inabatilika? Wapo wanaoiacha sindano kwa kuogopa kuharibu saumu, na kufanya hivyo kunaweza kuondoa uhai. Ili jawabu ifahamike, tuanze na kiungo chenyewe.

Kongosho ni nini?

Kongosho ni tezi laini yenye urefu wa kiasi cha sentimita 15, iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula. Kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mdogo, na mkia wake unaelekea kushoto, kwenye bandama. Allah Ameipa kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza: kumeng'enya chakula

Kila siku kongosho hutoa kiasi cha lita moja hadi moja na nusu ya maji maalumu, yanayopita kwenye mfereji mwembamba na kuingia utumboni pamoja na nyongo. Maji haya hupoza ukali wa asidi inayotoka kwenye mfuko wa chakula. Pia yana vimeng'enya: kimoja huvunja wanga wa muhogo na wali uwe sukari, kingine huvunja mafuta, na vyengine huvunja protini za samaki, nyama na maharage.

Vimeng'enya vya protini hutoka vikiwa vimelala, na huamka vikifika utumboni. Vikiamka mapema, kongosho huanza kujila lenyewe, na mgonjwa hupata maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni. Miongoni mwa sababu kubwa za maradhi hayo ni mawe ya nyongo na ulevi.

Kazi ya pili: kupima sukari ya damu

Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya chembe vinavyoitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans aliyevieleza mjini Berlin mwaka 1869. Visiwa hivi hutoa homoni moja kwa moja kwenye damu.

Tukishafuturu, sukari hupanda na kongosho hutoa insulini, ambayo hufungua mlango ili sukari iingie mwilini itumike, na nyengine iwekwe akiba kwenye ini. Mchana wa saumu sukari ikishuka, kongosho hutoa glukagoni, inayoliamrisha ini litoe akiba yake. Ndiyo maana mtu mzima wa afya hufunga kutwa nzima na sukari yake haianguki.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, chembe zinazotoa insulini zimeharibika. Katika aina ya pili, insulini haifanyi kazi ipasavyo, na baadaye hupungua. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha sindano, mwili huunguza mafuta, asidi hujaa kwenye damu, na anaweza kufa kwa muda mfupi.

Hukumu ya sindano

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jidda mwaka 1997, liliamua kuwa sindano za matibabu, ziwe za ngozi, msuli au mshipa, hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. Insulini ni dawa, si lishe. Kutoa damu kwa ajili ya kupima pia hakufunguzi.

Ama kufunga kwenyewe, Allah katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, Amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Kwa hiyo:

1. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Kiasi na nyakati za dawa huhitaji kubadilishwa. Usijipangie mwenyewe.

2. Pima sukari mchana. Ikishuka chini ya 3.9 (70 kwa vipimo vyengine), au ikipanda zaidi ya 16.6 (300), fungua hapo hapo.

3. Ukitetemeka, ukatoka jasho, moyo ukaenda mbio au ukachanganyikiwa, kunywa kitu cha sukari, hata ikiwa Magharibi imebaki robo saa.

4. Daku lisiachwe, na lichelewe. Wakati wa futari, punguza kaimati, tambi za sukari na juisi.

5. Siku uliyofungua utailipa. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona na hawezi kufunga, atatoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Baba au mama mwenye kisukari akiambiwa na daktari asifunge, watu wa nyumbani wasimtie haya. Ruhusa hiyo ni ya Mola wake, na kuitumia ni katika kumtii.

Wallahu a'lam.