Sare ya muuguzi (Westlands, Nairobi)

Sare ya muuguzi ni vazi la kazi la wauguzi hospitalini. Westlands ina hospitali kubwa za binafsi, zikiwemo Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958, na M.P. Shah, zote zikiwa katika mtaa wake wa Parklands. Katika hospitali za namna hii rangi na mshono wa sare huamuliwa na mwajiri. Baraza la Wauguzi la Kenya kazi yake ni kusajili wauguzi na kusimamia maadili yao.

Sare ya zamani, gauni, mkanda na kofia ngumu, ni urithi wa Uingereza. Kofia hiyo ilipendeza pichani kuliko kazini. Mahali pa sare hiyo pamechukuliwa na skrabu: shati pana lisilo na kola na suruali ya kufunga kwa kamba, vazi lililotoka chumba cha upasuaji likaingia wodini.

Kanuni nyingi hulenga mikono. Kucha huwa fupi, bila rangi, wala si za kubandika. Pete zenye vito na bangili huvuliwa, kwa kuwa hukwamisha unawaji. Ndiyo sababu saa ya muuguzi hubandikwa kifuani, kichwa chini, ili aisome akihesabu mapigo ya moyo. Viatu hufunika vidole, kinga dhidi ya sindano inayoanguka.

Skrabu za upasuaji hazitoki nje ya eneo lake. Kupanda matatu na sare hukatazwa na waajiri wengi, ingawa ushahidi kwamba nguo hizo hueneza maradhi mitaani ni mdogo.