Tone chini ya gari: Jinsi ya kutambua linakotoka

MWENYE gari anayeondoka asubuhi na kukuta doa la majimaji mahali alipoegesha hufanya mojawapo ya mambo mawili: huingiwa na hofu kwamba injini imeharibika, au hupuuza doa hilo na kwenda zake. Yote mawili yanaweza kumgharimu.

Baadhi ya matone hayana madhara. Mengine ni onyo kwamba gari halifai kuendeshwa kabisa. Tofauti hujulikana kwa rangi, harufu, utelezi na mahali tone lilipoangukia.

Ili kuchunguza, egesha gari mahali tambarare jioni na utandike kadibodi chini yake kuanzia mbele hadi nyuma. Tia alama yalipo magurudumu. Asubuhi, madoa yatakuonyesha rangi ya kiowevu na sehemu kinakotokea.

Maji matupu
Iwapo doa halina rangi, harufu wala utelezi, huenda ni maji ya mtambo wa kupoza hewa. Katika miji yenye joto na unyevu kama Mombasa, mtambo huo hudondosha maji mengi na hilo ni jambo la kawaida.

Oili ya injini
Hii huwa ya rangi ya kahawia au nyeusi, na hudondoka chini ya injini. Mara nyingi hupenya kwenye gasketi iliyochakaa, chujio la oili au parafujo ya kumwagia oili ambayo haikukazwa vyema. Pima kiwango chake kwa kijiti kabla ya kuwasha injini, kwani injini inayokosa oili huharibika kwa muda mfupi.

Maji ya rejeta
Dawa inayochanganywa na maji ya rejeta huwa ya kijani, nyekundu, waridi au buluu, na aghalabu huwa na harufu tamu. Nyingi ya dawa hizo ni sumu kwa watoto, mbwa na paka, hivyo doa lake lioshwe mara moja. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji hayo yana shinikizo na yanaweza kukuunguza vibaya.

Mafuta ya giaboksi na usukani
Mafuta mekundu yanayoteleza kwa kawaida hutoka kwenye giaboksi ya otomatiki, au kwenye mtambo wa kurahisisha usukani. Yakizeeka hugeuka kahawia na yanaweza kudhaniwa kuwa oili ya injini. Mahali tone lilipoangukia patasaidia kuondoa shaka.

Petroli
Hii hujulikana kwa harufu yake kali, na doa hukauka upesi. Usiwashe injini wala kiberiti. Watu waondoke karibu na gari, kisha fundi aitwe.

Mafuta ya breki
Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Mafuta haya huwa karibu meupe au ya manjano hafifu, na huwa ya kahawia yakizeeka. Huonekana upande wa ndani wa gurudumu au chini ya pedali ya breki. Kwa kuwa ni machache na rangi yake imefifia, ni rahisi kudhaniwa kuwa maji.

Kuna njia ya kuyatambua. Tia tone lake katika maji ndani ya mkebe usiotumiwa jikoni. Mafuta ya breki ya aina inayotumiwa na magari mengi huchanganyika na maji, ilhali oili huelea juu.

Ukiyagundua, au pedali ikizama kuliko kawaida, usiendeshe gari hata kwenda gereji. Mwite fundi alipo gari. Breki zinazoonekana kufanya kazi katika barabara tambarare zinaweza kukosa kushika kwenye mteremko mrefu kama ule wa kuelekea Mai Mahiu.

Kumbuka pia kwamba upepo husukuma matone nyuma gari linapokwenda, hivyo doa huenda lisiwe chini kabisa ya panapovuja. Mwombe fundi asafishe sehemu hiyo na kuichunguza upya, na umwonyeshe ile kadibodi.

Zaidi ya yote, kuongeza kiowevu si kurekebisha. Kuongeza mafuta ya breki bila kuziba panapovuja ni kuahirisha ajali tu.