Baridi ya Lenana na mpanda mlima kutoka Pwani

Mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayenuia kuupanda Mlima Kenya huondoka usawa wa bahari hadi kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Kwa wastani, halijoto hupungua nyuzi 6 kila mita 1,000. Mombasa ikiwa na nyuzi 28, kileleni maji huganda. Kwa kawaida theluji ya huko si nene kiasi cha kuhitaji viatu vipana vya thelujini, bali buti imara na mavazi makavu yasiyopenya upepo.

Hatari kubwa ni haraka. Asiyeuzoesha mwili hewa hafifu huumwa kichwa na kutapika. Hali ikizidi, mapafu hujaa maji au ubongo ukavimba. Hapo asingoje kupambazuke: tiba ya kwanza ni kushuka.