Kichanga na Mapenzi ya Mungu

Wazee wetu walipomzika mtoto wa siku saba walitaja pepo, jicho baya, au mapenzi ya Mungu. Majina ya maradhi yenyewe yanatuonyesha walivyoyaelewa: pepopunda ina pepo ndani yake, na degedege ilihesabiwa na wengi kuwa kazi ya pepo arukaye kama ndege. Hatuwacheki. Mtoto aliyenyonya vizuri siku ya tatu, siku ya saba anakaza taya na kushtuka kwa kila sauti. Nani asingedhani ameshikwa na kitu?

Chanzo kilikuwa kitovu. Kilikatwa kwa kifaa kichafu, kikapakwa majivu au samadi, na vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na kinyesi cha mifugo. Kinga haikuwa ngumu: mama achanjwe, wembe uwe mpya, kitovu kiachwe kikavu. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya watoto wachanga. Hatukumbuki kusikia ibada ya shukrani kwa ajili ya jambo hilo, na lilistahili.

Utafiti wa kitaifa wa 2004-05 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Chanjo ya surua na vyandarua vimefanya kazi kubwa. Lakini vifo vya mwezi wa kwanza vilishuka kutoka 32 hadi 24 tu, na karibu upungufu wote huo ulikuwa umekwisha kupatikana kufikia 2015. Hapo ndipo penye kilio sasa: watoto wanaozaliwa njiti, maambukizi, na wale wanaoshindwa kuvuta pumzi.

Tunapomzika kichanga tunasoma Ayubu, na ni haki tusome. Ila Ayubu hakuambiwa sababu ya msiba wake. Sisi mara nyingi tunaijua, na kumtwika Mungu kifo kilichotokana na zamu isiyo na mkunga si unyenyekevu.

Katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa 1955 na wamisionari wa Norway, uchunguzi ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya vichanga waliokufa mapema walishindwa kupumua. Wengi wa watoto wa namna hiyo huhitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na wakizidi kunyamaza, kupuliziwa hewa kwa mfuko ndani ya dakika ya kwanza. Wahudumu walipewa semina ya siku moja. (Sisi watu wa kanisa tunazipenda sana semina za siku moja.) Walifanya vizuri kwa mwanasesere, lakini chumbani kwa wazazi mambo hayakubadilika. Vifo vilipungua pale walipoanza kurudia mazoezi mafupi, mara kwa mara, palepale kazini.