Jedwali la Ngeli Lilichorwa kwa Ajili ya Nani?

Mwaka 1659 padri Mkapuchini wa Italia, Giacinto Brusciotto, alichapisha mjini Roma sarufi ya Kikongo kwa Kilatini, na humo akayapanga majina kwa kutazama yanavyoanza. Karibu miaka 200 baadaye Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitoa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili (1850). Edward Steere akafuata mwaka 1870 na kitabu cha Kiswahili cha Unguja. Kati yao Wilhelm Bleek, akiwa Cape Town, alianza mwaka 1862 kuchapisha sarufi linganishi iliyoyapa makundi ya majina namba, na Carl Meinhof akaja kuzirekebisha. Wote hawa walikuwa watu wazima waliojifunza lugha ya wenyewe wakiwa na kalamu mkononi. Mtu wa namna hiyo hulikuta jina likiwa peke yake kwenye orodha ya msamiati, kwa hiyo silabi ya mwanzo ndiyo humvutia. Ninavyoona, jedwali la ngeli tulilorithi limebeba haja ya mgeni huyo, wala si njia anayopitia mzawa.

Ushahidi uko vinywani mwa watoto. Katherine Demuth, aliyewachunguza watoto wa Lesotho wanaokua na Kisotho, lugha ndugu ya Kiswahili, alikuta kwamba mtoto wa miaka miwili hivi huweza kukiacha kiambishi cha jina lenyewe, huku kionyeshi kinacholifuata kikipatana nalo sawasawa. Wala hawakuonekana wakigawa majina kwa maana, watu huku na vitu kule. Kwa Kiswahili tunaye Kamil Ud Deen, ambaye kitabu chake kuhusu watoto wa Nairobi kilitoka mwaka 2005: watoto wake hukiacha mara nyingi kiambishi cha nafsi kwenye kitenzi, lakini ni nadra kuweka kisicho chake. Kuacha na kukosea ni mambo mawili tofauti. Anayebahatisha ngeli kwa sura ya neno angekosea ovyo, hasa kwa majina kama kifaru na kipofu, yanayoanza kwa ki- na bado tukasema “kifaru amekufa”.

Itasemwa kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa shule za Kenya zinafundisha A-WA, LI-YA na U-ZI, yaani upatanisho wenyewe. Ni kweli, na ni hatua kubwa. Steere naye alishaona kwamba viumbe hai wana upatanisho wao. Lakini tazama zoezi la kawaida darasani: mwanafunzi hupewa majina kumi yasiyo na sentensi, aambiwe aseme kila moja ni la ngeli gani. Herufi zimebadilika, orodha ya msamiati ni ile ile. Pingamizi zito zaidi ni la mwanafunzi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, na hao ndio wengi bara. Huyo anahitaji jedwali, sikatai, kwani hali yake inakaribia ya Krapf kuliko ya mtoto wa Lamu. Namba za Bleek nazo zina kazi yake: bila hizo ni taabu kulinganisha Kiswahili na Kizulu. Tatizo ni kumpima mtoto wa Lamu kwa zoezi hilo hilo, kisha akikwama aambiwe hajui ngeli, ilhali alikuwa akizipatanisha kabla hajajua kusoma.